Paka hakojoi, mbwa kala sumu: la kufanya kabla hujafika kwa daktari wa mifugo

Mtoto akiugua usiku unajua spitali ya kumkimbiza: Mnazi Mmoja, Chake Chake, Abdalla Mzee kule Mkoani. Paka akiugua saa 8 za usiku, ulichonacho mkononi ni namba ya simu tu, ikiwa uliiandika mapema. Madaktari wa mifugo visiwani Zanzibar ni wachache, na wengi wao kutwa wako mashamba kwa ng'ombe na mbuzi wa watu. Kwa hiyo saa ya kwanza ni yako wewe. Una kazi tatu: kujua kama hali ni ya kukimbia au ya kungoja asubuhi, kutomwongezea madhara, na kumfikisha akiwa hai. Kwa tunavyoliona, hilo la kutomwongezea madhara ndilo linaloharibu mengi, maana nyumba nyingi zina dawa ya kila kitu.

Dakika mbili za mwanzo

Anza na fizi. Inua mdomo wa juu kwa kidole gumba utizame nyama ya juu ya meno. Iwe pinki. Bonyeza kwa kidole mpaka pawe peupe, kisha achia: rangi irudi kabla hujamaliza kuhesabu moja, mbili. Fizi nyeupe kama karatasi maana yake damu imepungua au mwili umezidiwa. Za buluu, hewa haifiki. Za manjano, ini limeguswa au ni homa ya kupe. Za kahawia, kama chai ya maziwa iliyokolea, hapo ulizia haraka nani kampa Panadol. Baadhi ya mbwa na paka wana fizi nyeusi za kuzaliwa. Kwa hao vuta kope ya chini utizame ndani.

Halafu pumzi. Mwache atulie, hesabu kifua kinapanda mara ngapi kwa sekunde 15, zidisha mara 4. Akiwa amelala, 20 hadi 30 ni kawaida. Ikizidi 40 naye hajakimbia wala hakuna joto, hiyo ni dharura. Mbwa kutweta ulimi nje ni desturi yake. Paka kupumua kwa mdomo wazi si desturi yake hata kidogo, na akifanya hivyo usianze kumshikashika kutafuta sababu. Mtie kwenye kikapu, uondoke.

Joto hupimwa kwa kipimajoto cha dijitali, kilichopakwa mafuta ya mgando, kinachoingizwa kwenye njia ya haja kubwa kiasi cha sentimita 2. Mbwa na paka wana joto kuliko sisi: 38 hadi 39.2 ni salama. Kumgusa pua haikwambii kitu. Zaidi ya 40.5, au chini ya 37, mpigie daktari.

Wa kupelekwa usiku huohuo ni huyu: anayepumua kwa shida, anayetoka damu isiyosita, dume asiyekojoa, aliyekula sumu hata kama anacheza, aliyegongwa na gari hata kama kasimama, mwenye degedege la zaidi ya dakika 5 au mara mbili kwa siku moja, paka anayejikamua uchungu mkali nusu saa bila kutoa mtoto, na mbwa mkubwa ambaye tumbo limevimba kama ngoma, anataka kutapika na hakitoki kitu. Huyu wa mwisho tumbo limejisokota. Ana saa chache tu, na bila ya kupasuliwa haponi.

Wa kungoja asubuhi: aliyetapika mara moja na bado anakunywa maji, mwenye jipu la ugomvi wa paka, anayechechemea lakini anakanyaga, anayejikuna masikio. Jipu linanuka na linatisha ukilitizama, lakini haliui usiku mmoja. Kidonda chenye funza kinapelekwa siku ileile. Watoe unaowaona kwa kibanio, osha kwa maji ya chumvi, na usimwagie mafuta ya taa wala petroli. Funza watakufa kweli, na ngozi ya mnyama itaungua pamoja nao.

Shume asiyekojoa

Hili tunalikalia zaidi kwa sababu ndilo linalopotezewa muda kuliko yote. Paka dume anaingia mchangani, anachuchumaa, anajikamua, anatoka. Baada ya dakika tano anarudi tena. Hakitoki kitu, au yanatoka matone mawili yenye damu. Analamba uume wake, pengine analia kwa sauti usiyoizoea. Nyumbani watu husema kafunga choo, wakampa mafuta ya nazi au samli. Hapo ndipo siku inapopotea.

Njia ya mkojo ya paka dume ni nyembamba sana kule mwishoni, na huzibwa na chembechembe kama mchanga zilizoshikana na ute. Mkojo ukikosa pa kutokea unarudisha shinikizo kwenye figo. Figo zikisimama, potasiamu inapanda kwenye damu, na potasiamu ikizidi moyo unapunguza mwendo mpaka unasimama. Tangu njia kuziba kabisa, ndani ya saa 24 huanza kutapika na kulegea; siku ya pili au ya tatu anakufa. Jike huziba kwa nadra, njia yake ni pana na fupi.

Kuhakikisha, msimamishe, pitisha mkono chini ya tumbo mbele kidogo ya miguu ya nyuma, na gusa kwa vidole viwili polepole. Kibofu kilichojaa kikaziba utakikuta kigumu kama ndimu, na kikichelewa kinafika chungwa. Kigumu na yeye hakojoi: safari. Usikiminye ukidhani utamsaidia. Kinapasuka, na mkojo ule ukimwagika tumboni ni balaa jengine.

Usimpe maji kwa nguvu, maana unajaza pipa lisilo na tundu. Usimpe dawa ya kukojoza ya mzee wa nyumbani. Na dafu, ambalo kwetu ni dawa ya kila mwenye shida ya mkojo, kwa paka huyu ni hatari ya wazi: maji ya dafu yana potasiamu nyingi, na potasiamu ndiyo hiyohiyo inayomuua.

Ukimpigia daktari, ulizia kwa jina katheta, yaani mrija mwembamba unaopitishwa kwenye njia ya mkojo: "Unayo katheta ya paka dume, saizi 3.5?" Wanaotibu ng'ombe zaidi huenda hawana, na ni bora ulijue hilo kabla hujatoka Makunduchi hadi mjini. Kazi yenyewe ni kumlaza kwa dawa, kupitisha katheta, kusafisha njia kwa maji ya chumvi ya dripu, kisha kumtundikia dripu na kumwachia katheta siku moja hadi tatu. Ukiambiwa apewe sindano ya antibayotiki arudi nyumbani bila ya mkojo kutoka, hujatibiwa bado. Sindano haizibui bomba.

Sumu: nini kaingiza, na kwa njia gani

Kosa la kwanza ni kumtapisha. Chumvi kijiko kizima na maji huweza kumuua kwa chumvi yenyewe kabla ya sumu kufika. Aliyekunywa mafuta ya taa, petroli, Jik au tindikali, akitapika anaunguzwa mara ya pili, na mafuta yakiingia mapafuni ni nimonia. Aliyelegea akitapika anapaliwa. Maziwa hayaondoi sumu. Zile zinazoyeyuka kwenye mafuta huzisaidia kuingia. Makaa ya jikoni yaliyosagwa si mkaa wa dawa. Kwa kifupi, mdomoni mwake usitie kitu mpaka daktari aseme.

Panadol ndiyo sumu inayotolewa kwa mapenzi. Ini la paka halina kimeng'enya cha kutosha cha kuivunja paracetamol, kwa hiyo inageuka na kuharibu damu isibebe tena hewa. Hesabu yake hii hapa: robo ya kidonge cha miligramu 500 kwa paka wa kilo 4 ni miligramu 31 kwa kila kilo, na paka wamedhurika hata kwa miligramu 10 kwa kilo. Baada ya saa moja hadi nne fizi zinakuwa za kahawia, udenda unamtoka, uso na vitanga vya miguu vinavimba, mkojo unakuwa mweusi. Dawa yake ipo, inaitwa asetilisisteini, na daktari anaweza kukutuma duka la dawa za binadamu ukaitafute, basi anza kupiga simu madukani mwenzio anapoendesha gari. Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini nazo si za kumpa paka wala mbwa kwa kukadiria. Zinatoboa tumbo na kuua figo.

Mafuta ya makonyo na ya karafuu yanapatikana kila nyumba Pemba, na mtu akiona paka ana viroboto au kidonda, mkono unakwenda kwenye chupa. Kwa paka ni sumu, kwa sababu ileile ya ini. Anayapata kwa ngozi, kisha anajilamba na kuyapata kwa mdomo. Anatetemeka, anayumba kama mlevi, udenda unatoka. Mwoshe kwa sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na maji ya vuguvugu, mara mbili au tatu mpaka harufu itoke, si sabuni ya unga na si maji baridi. Mkaushe vizuri kwa taulo, mviringe kanga asijilambe, ndipo uende. Hivihivi hufanywa kwa paka aliyepakwa dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini, au ile dawa ya kumiminia ng'ombe mgongoni kwa ajili ya kupe: anatetemeka na kushikwa na degedege. Dawa ya kuogeshea ng'ombe haipimwi kwa jicho, hata kwa mbwa.

Sumu ya panya si moja, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Unga mweusi wa kijivu wenye harufu ya kitunguu saumu kwa kawaida ni zinki fosfidi. Ikikutana na asidi ya tumboni inatoa gesi ya sumu, na chakula huongeza asidi, kwa hiyo usimlishe hata kipande cha mkate. Gesi hiyo hutoka pia kwenye matapishi: akitapika ndani, fungua madirisha, toa watoto, na garini vioo viwe chini. Punje za buluu, kijani au pinki za dukani aghalabu ni za kuzuia damu isigande. Hizi ni za hila. Mnyama anakula Jumatatu, Jumanne na Jumatano anacheza, Alhamisi fizi nyeupe, damu puani na damu kwenye mavi. Ukimwona anazila leo, nenda leo. Matibabu ni vitamini K1, na kwa kawaida ni wiki tatu au nne kila siku, pamoja na chakula, si sindano moja ya kumaliza. Anayekatiza baada ya siku tano kwa kuwa mbwa kapata nafuu humrudisha akiwa anavuja damu.

Kuna na zile zinazouzwa kwenye vipakiti visivyo na lebo, pamoja na dawa za kunyunyizia mboga. Akizipata, maji yanatoka kila mahali: udenda, machozi, mkojo, kuharisha, mboni ya jicho inakuwa ndogo kama ncha ya kalamu, misuli inacheza chini ya ngozi. Atropini ndiyo dawa, na daktari wa mifugo huwa nayo. Vaa glovu unapomwosha, kwani sumu hii hupita hata kwenye ngozi yako.

Chukua kipakiti. Kama hakuna, piga picha punje zilizobaki, na matapishi yatie kwenye kopo lenye kifuniko. Daktari akijua ni sumu gani anaokoa nusu saa.

Wanaokaa karibu na pwani waongeze bunju, yule samaki mwenye sumu. Wavuvi humtupa mchangani, na mbwa au paka mgeni wa pwani humla. Sumu yake inashika neva: anaanza kuyumba miguu ya nyuma, anatapika, anapooza polepole huku macho yanaona na masikio yanasikia, mwisho misuli ya kupumua inagoma. Haina dawa ya kuiondoa. Kinachomwokoa ni kusaidiwa pumzi mpaka mwili uitoe. Mlaze ubavu, shingo imenyooka, ulimi umevutwa mbele, mate yafutwe yasimpalie, na usimpe maji kwani hawezi kumeza. Akivuka saa 24 matumaini ni makubwa.

Ndoana, kuanguka, joto

Mshipi ukining'inia mdomoni au nyuma, usivute. Ndoana iko kooni au matumbo yamejikunja juu ya mshipi kama kitambaa kwenye uzi wa kushonea, na ukivuta unakata. Kata ubaki urefu wa kiganja nje, usizidi asije akaukanyaga, na usiumalizie kabisa kwani daktari huufuata huo kuitafuta ndoana. Ndoana ya mdomo wa nje tu, mnyama akiwa mtulivu: sukuma mbele mpaka ncha itokeze upande wa pili, kata ule mwiba wake kwa koleo, kisha rudisha kipande kilichobaki kilikoingilia. Akigombana nawe, acha.

Nyumba za Mji Mkongwe ni ndefu na paka hulala kwenye vidirisha vya ghorofa ya tatu. Akianguka husimama, akatembea, akajificha chini ya kitanda, na watu wakasema paka ana roho saba. Tizama pumzi kwa saa zote za usiku ule, maana hewa huvuja kifuani taratibu. Tizama pia kama taya limepasuka katikati na kama amekojoa. Kumbeba, tumia sinia kubwa la biriani: mtelezeshe juu yake akiwa amelala ubavu, funika kanga, funga kanga chini ya sinia. Mbwa mzima atapanda ubao au mlango wa kabati, au mkeka ulioshikwa pembe nne na watu wawili.

Damu inazuiliwa kwa kubonyeza, si kwa majivu, kahawa wala dawa ya meno. Kanga safi iliyokunjwa mara nne, bonyeza kwa kiganja dakika 10 kwa saa, bila kuchungulia. Ikilowa, ongeza nyengine juu, usiitoe ya kwanza kwani utabandua damu iliyokwisha kuganda. Usifunge kamba juu ya mguu, mguu huoza.

Kuanzia Disemba mpaka Machi, kabla ya masika, joto na unyevunyevu huua mbwa waliofungwa mnyororo bila kivuli, hasa wanene na wenye pua fupi. Akianguka huku anatweta kwa nguvu na fizi nyekundu sana, mpeleke kivulini, mmwagie maji ya bomba tumboni, kwapani na kwenye vitanga vya miguu, na mpepee kwa kipepeo au feni. Si barafu. Taulo bichi lililoachwa juu yake linahifadhi joto kama blanketi. Joto lake likifika 39.5 acha kumwagia, halafu nenda kwa daktari hata kama amesimama, kwani figo na damu huharibika baadaye.

Kabla hujatia mkono mdomoni

Mbwa ameachama, taya limelegea, udenda unachuruzika, hawezi kumeza, sauti imebadilika. Watu husema kakwamwa na mfupa, na mmoja shujaa hutia mkono. Kichaa cha mbwa huanza hivyohivyo. Pemba ugonjwa huu ulimalizwa mwaka 2014, ukarudi 2016, ukazimwa tena 2018, basi usiseme kisiwani kwetu haumo. Mbwa asiye na cheti cha chanjo mwenye dalili hizi mfungie uwani peke yake, umwite bwana mifugo aje. Aliyeng'atwa au kuingiwa na udenda kwenye kidonda aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende spitali siku ileile aanze sindano. Dalili zikishatokea kwa binadamu hakuna tiba.

Na mnyama yeyote mwenye maumivu huuma, hata aliyelelewa na chupa. Kwa mbwa, chukua kitambaa kirefu cha mita moja, tia kitanzi juu ya pua, vuka chini ya kidevu, funga nyuma ya masikio. Anayetapika au anayepumua kwa shida usimfunge. Paka mviringe kanga kama mtoto mchanga, miguu yote ndani, kichwa nje.

Simu na gari

Salamu ni lazima, lakini ziwe fupi. Namna hii inatosha:

"Assalamu alaykum daktari, samahani kukuamsha. Niko Fuoni. Nina paka dume, miaka mitatu, kilo nne. Tangu magharibi anajikamua na mkojo hautoki. Kibofu kigumu, katapika mara mbili, fizi bado pinki. Sijampa dawa yoyote. Nimlete wapi, na unayo katheta?"

Mnyama gani, uzito, tangu lini, dalili, fizi, alichopewa. Kama ulimpa Panadol, sema. Hatakugombeza usiku ule, na akikugombeza ni sawa, lakini akifichwa atatoa dawa isiyofaa. Hapohapo uliza gharama ya kuitwa usiku na kama analipwa mkononi au kwa simu, ili usifike ukaanza kutafuta wakala saa 9 za usiku.

Huna namba? Sheha wa shehia yako kwa kawaida anamjua bwana mifugo wa eneo. Unguja lipo pia shirika la ZAASO, linaloshughulika na punda, mbwa na paka. Andika namba tatu leo ubaoni jikoni, na uulize kila mmoja anafanya kazi saa ngapi wakati wa Ramadhani na siku za Sikukuu. Ile nusu saa ya kufuturu simu hazipokelewi na bodaboda hazionekani. Ukiona hali inaharibika saa 11 za jioni, ondoka kabla ya adhana.

Paka anakwenda kwenye tenga la kuku lenye mfuniko uliofungwa kamba, si pakacha; pakacha analipasua kwa kucha akakukimbia Darajani. Chini tandika taulo, juu funika kanga awe gizani. Mbwa ni shughuli nyengine. Madereva wengi hawataki udenda wake kwenye viti, na wana haki yao, kwa sababu ya twahara. Mwambie kwa simu kwamba abiria ni mbwa, tandika turubai kiti kizima na sakafu, mbwa awe ameviringwa shuka, na ongeza nauli bila ya kuombwa. Dereva aliyeambiwa kabla huja; aliyeshitukizwa mlangoni hugeuza gari.

Walio Pemba wakiambiwa mnyama apelekwe Unguja wakumbuke kwamba kumvusha kunataka kibali cha ofisi ya mifugo, na kwamba boti ina siku zake na saa zake. Mwombe daktari wa Wete au Chake amtulize kwanza: dripu, katheta, dawa ya maumivu. Mnyama mwenye shida ya pumzi hafai kukaa saa kadhaa kwenye tenga sitahani juani.

Kwenye kabati weka mfuko mmoja usioguswa: kipimajoto, gozi na bandeji za sentimita 10, mafuta ya mgando, glovu, bomba la sindano la ml 10 lisilo na sindano, kibanio, mkasi, tochi, kanga mbili kuukuu, sabuni ya vyombo. Maji ya kuoshea kidonda au jicho unayatengeneza mwenyewe: lita moja iliyochemshwa ikapoa, na chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu. Asali kidogo iwepo pia kwa ajili ya vitoto vya paka na mbwa vilivyopoa na kulegea. Paka kwenye fizi, usimimine kooni.

Akirudi nyumbani

Ondoka na karatasi yenye jina la kila dawa, kipimo kwa miligramu na saa ya dozi ijayo. "Kidonge kimoja asubuhi" hakimsaidii daktari wa pili. Uliza pia dalili gani ikitokea umrudishe.

Kwa shume aliyezibuliwa, saa 48 za mwanzo baada ya kutolewa katheta ndizo zenye wasiwasi, maana njia imevimba na huziba tena. Mfungie chumba kimoja chenye beseni la mchanga safi, peke yake, upate kuona mabonge ya mchanga uliolowa mkojo. Mkojo mdogomdogo wenye damu kidogo kwa siku mbili tatu unategemewa. Mpe chakula cha majimaji, samaki aliyechemshwa bila chumvi pamoja na mchuzi wake, wala si dagaa wakavu peke yao, na vyombo vya maji viwe viwili, mbali na chakula. Lala na tochi karibu. Akiingia kwenye beseni mara tatu bila ya tone, piga simu palepale, hata kama ndiyo kwanza daktari kafika kwake.